Makofi ya Mzee Wilibrodi

"Huyu mtoto ana watu wengi tumboni," Mzee Wilibrodi alikuwa akisema juu ya mwanawe Flavian, na wala hakuwa akimsingizia. Akiwa na miaka saba tu, Flavian aliweza kumwiga padri anavyopandisha miwani, na bwana mifugo anavyotembea kama anakanyaga miiba. Krismasi moja, kwenye mchezo wa parokia, alicheza Herode mpaka watoto wenzake wakalia. Mama yake alikuwa ameshafariki, amezikwa nyuma ya nyumba yao ya mteremkoni, nje kidogo ya Malangali, huko Ufipa. Baba ndiye aliyewalea yeye na mdogo wake Adela kwa ugali wa ulezi na maharage. Jioni, miguu ikimuuma, mzee alisema, "Haya, Flavi, nitolee mtu mmoja." Akitolewa mtu huyo, alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Jambo moja tu hakutaka lifanyiwe mzaha, nalo ni salamu. Mfipa akikuheshimu huchuchumaa, akapiga makofi polepole, nawe unamjibu kwa makofi yako. Kama umebeba mzigo, utautua kwanza. "Mtu akikupigia makofi, ukanyamaza," mzee aliwaambia wanawe, "umemwambia kwamba hayupo."

Mwaka wa sabini na nne ikaja amri ya kuhamia vijiji vya ujamaa, na nyumba za zamani zibomolewe. Mzee Wilibrodi hakubisha. Aliomba kitu kimoja: nyumba ile aliijenga yeye na marehemu mkewe, basi aachiwe aishushe kwa mikono yake mwenyewe, Jumatatu, baada ya misa ya kumwombea marehemu. Balozi wa nyumba kumi akakubali. Flavian, sasa kijana wa miaka ishirini, akamshika baba yake mkono. "Tutaishusha wote wawili, baba. Sitagusa hata unyasi mmoja kabla yako."

Jamani, ahadi ni kitu rahisi sana mdomoni!

Juma lilelile wakafika watu wa picha za sinema kutoka Dar es Salaam, na Landrova yao na mashine ya miguu mitatu. Mkubwa wao alikuwa Ambakisye, Mnyakyusa mcheshi, mwenye sauti kubwa. Walitaka kijana wa kuonekana akihama kwa furaha, na kila aliyeulizwa alitaja jina moja. Flavian alipoletwa, akamwiga Ambakisye palepale mbele ya macho yake. Ambakisye alicheka akashika mbavu. "Ndugu yangu, unapotea bure huku! Nichezee hii vizuri, nami nitakuchukua Dar." Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alisifiwa na mtu mwenye Landrova.

Ambakisye akaipenda nyumba ya mteremkoni. Flavian alimweleza kwamba baba yake ameomba mpaka Jumatatu.

"Sisi tunaondoka Jumamosi jioni," Ambakisye alijibu. "Nyumba nyingine zipo, lakini basi nitachukua na kijana wa nyumba hiyo."

Mzee alikuwa amekwenda Laela kuwaalika ndugu kwenye misa, na alitegemewa kurudi Jumapili asubuhi. Kijana akajiambia, si itabomolewa tu? Akikuta imekwisha ataelewa. Hivyo ndivyo mtu anavyojilaghai mwenyewe, na hakuna laghai mbaya kama huyo.

Jumamosi mchana akapanda juu, akang'oa nyasi za paa huku akiimba. Adela alikaa kwenye kaburi la mama yake, ameinamisha kichwa. "Filamu iliyobaki ni kidogo," Ambakisye alimwonya Flavian. "Litokee lolote, usisimame. Na utabasamu!"

Flavian alikuwa ameshuka na mzigo wa nyasi begani Mzee Wilibrodi alipotokea njiani. Alikuwa amepata lori siku moja mapema. Akaliona paa liko wazi. Hakupiga kelele, masikini. Aliweka chini mfuko wake wa sukari ya wageni wa misa, akachuchumaa kando ya njia, akampigia mwanawe makofi polepole. Mzee mzima kumchuchumalia mtoto aliyemzaa! Alikuwa akimwomba asimame, na njia nyingine ya kuomba hakuwa nayo.

Flavian alimwona, tena alimwona vizuri. Akampita akitabasamu.

"Safi kabisa!" alishangilia Ambakisye. "Na mzee yule anavyofurahi!"

Huo ndio ulikuwa mwanzo wake wa uigizaji. Dar es Salaam walimfundisha kusimama, kusema na kulia kwa kuamriwa. Akacheza katibu mlevi, akacheza mkulima hodari, na mitaani watu wakaanza kumnyooshea vidole kwa furaha. Kila mwezi alimwandikia baba yake. Aliyejibu ni Adela peke yake, kwa mistari mifupi. Mwaka wa tatu akaleta barua ndefu.

"Kaka, shikamoo. Gari la sinema limekuja hapa kijijini mara ya tatu na picha yako ileile. Sauti inasema mzee anawashangilia vijana wa taifa. Baba hakosi kwenda, tena anakaa mbele. Hajitazami yeye. Anakutazama wewe unavyopita. Nilimuuliza anatafuta nini pale. Alisema, 'Najifunza.'"

Flavian alisoma neno lile mara nyingi, asilielewe. Akaomba ruhusa, akapanda basi. Alimkuta baba yake nje ya kibanda kipya, amekonda, anafunga nyasi za kuezekea. Akadondosha begi, akachuchumaa njiani, akapiga makofi polepole kama alivyofundishwa.

Mzee Wilibrodi alimtazama. Kisha akainuka, akajitwika mzigo wa nyasi begani, akaja kwa njia aliyochuchumaa mwanawe. Akainua kidevu, akatupa hatua kwa madaha, na usoni akaweka tabasamu la Flavian, lilelile, bila kupungua hata kidogo. Akampita mwanawe, akazunguka nyuma ya kibanda.

Huko nyuma mzigo ulisikika ukianguka, kisha kilio cha mzee anayejaribu kujizuia asiweze. Adela akatoka jikoni mbio.

"Kaka, inuka basi!"

Flavian hakuinuka. Alikuwa bado anapiga makofi.