Sahani ya Biubwa Hainyweki

BAGAMOYO — Saa mbili asubuhi, moshi unafuka uani kwa Biubwa binti Dadi. Jikoni kuna sufuria ya mchanga, ndani ya mchanga imefukiwa sahani. Makaa chini, makaa juu ya kifuniko, kama anayeoka mkate wa kumimina.

"Leo kwa Biubwa wanapika sahani!" anapaza sauti jirani yake, Mina, ng'ambo ya ua wa makuti. "Mchuzi mtakula kwa nani?"

"Kwako, shoga," anajibu Biubwa bila kugeuka. "Wewe una mchuzi, huna sahani."

Mji unamjua kwa hina. Bibi harusi mmoja, mikono na miguu, humpa shilingi tano. Ramadhani ikiingia, harusi hakuna na senti hakuna.

"Unachora mpaka shingo inagoma," anasema. "Mwezi haujaisha, imefutika. Nikasema, walau kitu kimoja changu kibaki."

Tangu vita vya dunia viishe, maduka yamejaa sahani za mawaridi ya Ulaya, na kila nyumba inazitundika ukutani. Biubwa alinunua nyeupe tupu, akachora vikuba, vile vishada vya maua ya asumini na mkadi, vikifuatana ukingoni, na katikati bibo na korosho yake. Alichorea maji ya hina na gundi, akaiacha barazani ikauke.

Akapita mama mkwe wake, Bi Fatu, magoti yakimuuma na macho yake hayaoni vizuri. Mistari ya kahawia juu ya sahani nyeupe, mtu wa pwani ataiona nini kama si kombe, aya alizoandika mwalimu kwa zafarani, za kuoshwa na kunywewa na mgonjwa? Akapiga bismillahi, akamimina maji, akasugua kwa kidole, akanywa mpaka tone la mwisho.

"Narudi nakuta sahani nyeupe pee!" anasimulia Biubwa. "Namuuliza, mama, mchoro wangu uko wapi? Ananijibu, mwanangu, mwalimu huyu ana mkono, goti limeshaanza kulegea."

Mtaa ulicheka hadi ukakaa chini. Wapo wanaomwita Mwalimu wa Magoti mpaka leo, na mwenyewe huitika. Lakini siku ile alilia.

"Sikulia kwa kuchekwa," anasema. "Nililia kwa sababu ilikuwa nzuri."

Mumewe, Rajabu, fundi wa kupaka rangi milango, akaanza kumletea mabaki ya rangi za mafuta. Akachora nazo, akaoka mchangani ili rangi ishike. Sahani nyingine zilipasuka, nyingine rangi ikaungua ikawa masizi, mpaka Biubwa akajua kuubembeleza moto.

Iliyomo mchangani leo ni ya Mwanamvua, anayeolewa Ijumaa. Mama yake, Bi Ashatu, amekuja mwenyewe, na hakuficha: "Likitoka hata jani moja, chumbani kwa mwanangu natundika mawaridi."

Adhuhuri sahani imepoa. Biubwa anampelekea hakimu aliyemchagua mwenyewe.

"Shikamoo, mama. Kombe lako hili."

"Marahaba. Leo nalimaliza."

Bi Fatu anamimina maji ya moto. Anasugua kwa kidole, kisha kwa kumbi la nazi, mpaka Bi Ashatu anafumba macho. Anayamimina maji kikombeni, anaonja, anakunja uso.

"Maji matupu! Mwanangu, umeharibu dawa."

Bi Ashatu anapiga kigelegele. Ng'ambo ya ua inapaa sauti ya Mina: "Shoga, na yangu utaichora lini?"

Biubwa ameigeuza sahani, anatazama muhuri wa kiwanda, herufi za kigeni.

"Hawa walifinyanga udongo wakaweka jina," anasema. "Maua ni yangu. Nataka mtu akiigeuza hii, hata Pangani, ajue imetoka wapi."

Anachovya chelewa, uti wa ukuti, kwenye rangi. Chini ya muhuri anaandika taratibu: *Biubwa, Bagamoyo*.

"Rajabu! Ongeza makaa," anaita. "Na jina nalo liive."