Mama Aliyefunga na Jua la Houston

Nakiri kwamba hesabu ya safari ya mama, Dar es Salaam hadi Houston, niliipiga nikiwa nimelala kwenye kochi, mahali ninapofanyia mambo yangu yote ya maana.

Tiketi ilisema anaondoka saa kumi alfajiri na kufika saa moja jioni, tarehe ileile. Nikafungua tovuti inayopima umbali kati ya viwanja vya ndege, nayo ikasema ni kama saa kumi na sita hewani. Namba mbili zimekaribiana hivyo, nani abishe? Ilikuwa Ramadhani, na mama alitaka kujua jambo moja tu: afunge au asifunge?

"Msafiri karuhusiwa kula, mama."

"Najua karuhusiwa. Nakuuliza siku itakuwa ndefu kiasi gani."

"Ya kawaida tu, na kipande. Utafuturu kwangu."

Basi akala daku uwanjani, akatia nia, akapanda.

Mtaani kwetu Gulfton, hapa Houston, kulipokucha, ndege yake ya pili ilikuwa imeshaondoka Istanbul. Kwenye ngazi nilikutana na jirani yangu, nesi kutoka Kenya, amebeba kapu la nguo za kufua. Nikamtambia mama yangu alivyo jasiri. Akacheka, kisha akaacha ghafla.

"Na jua je?"

"Jua limefanya nini?"

"Si wanakuja nalo upande mmoja! Kwenu saa hizi watu wanapika futari. Mamako atangoja magharibi ya huku. Kwani shule ulienda kula chakula?"

Nikakaa palepale kwenye ngazi. Tovuti ilikuwa imepima mstari ulionyooka, wa ndege ambayo haipo, na kule kungoja ndege ya pili Istanbul haikukuhesabu. Tiketi nayo iliandika kuondoka kwa saa za kwao na kufika kwa saa za kwetu, zilizo nyuma kwa saa nane. Na mimi ndiye yule ambaye kila nikimpigia mama mchana namtoa usingizini! Mama ana presha, na vidonge vyake huvimeza akishafuturu.

Nikapiga simu yake. Imezimwa, bila shaka. Nikapiga tena, sijui nilitegemea nani apokee. Nikabaki nakodolea macho kile kindege kwenye ramani ya simu, kinajikokota juu ya bahari kama kimebeba matofali. Nilitaka kikimbie afike, halafu nikakumbuka kwamba kinavyokimbia ndivyo kinavyolifukuzia jua lisizame. Nikawa sijui nikiombee kasi au uvivu.

Jirani ndiye aliyenipeleka uwanjani, kwa sababu barabara kuu za huku mimi huziogopa hata nikiwa abiria. Mama alitoka akisukumwa kwenye kiti cha magurudumu, midomo imepauka, mkoba kaukumbatia. Nikamfungulia chupa ya maji. Akatazama nje ya vioo. Jua, ambalo huku huzama karibu saa mbili, lilikuwa bado juu ya paa la maegesho.

"Kunywa, mama. Una ruhusa."

"Nimekaa nalo dirishani njia nzima. Nije nishindwe hapa mlangoni?"

"Zimebaki dakika chache tu."

"Umezipima wewe?"

Jirani aliinama, akamshika mama kifundo cha mkono, akasikiliza mapigo kwa vidole. Kisha akanigeukia.

"Akianguka hapa usiniangalie mimi, jirani. Leo niko off."