Kupitana kwenye Mlima wa Gilgil

Dizeli haina haraka. Lori la miaka ile, likibeba magunia ya viazi kutoka Kuresoi, lilipanda mlima kwa kuvumilia, na ukiondoa mguu kwenye mafuta kidogo tu, umekwisha: unarudi gia ya kwanza na kutambaa hadi juu. Kwa hiyo sisi madereva tulikuwa na desturi yetu. Wa mbele, anayeona barabara, anamwashia wa nyuma indiketa ya kushoto: kweupe, pita. Akishamwashia, lazima apunguze mwendo ili mwenzake apite upesi. Huko kupunguza ndiko kulikouma, na ndiyo iliyokuwa heshima yenyewe.

Mimi na rafiki yangu tuliendesha malori ya tajiri mmoja, Singasinga wa Nakuru. Lori la rafiki yangu lilikuwa jipya. Asubuhi ile tukinywa chai karibu na gereji, alinichokoza mbele ya watu: "Mzee, hiyo gari yako ikimaliza kupanda Gilgil, mimi nitakuwa nimefika Nairobi, nimekula, nimelala!" Watu wakacheka. Nami nilicheka, lakini iliniingia. Mimi ni mtu wa kinyongo, sitajisafisha.

Tulipopita Kariandusi mlima ukaanza. Nilimwona kwenye kioo, amevuta mbio tangu kule chini. Mbele kulikuwa kweupe kweli. Nikamwashia. Akatoka, akaja mpaka mlango wake ukawa sambamba na wangu. Hapo ndipo nilipopaswa kuinua mguu. Sikuinua. Nilitaka ahangaike kidogo, basi. Akanitazama, akacheka, akidhani ni utani. Tukapanda hivyo bega kwa bega, injini zikilia, na hakuna aliyempita mwenzake hata hatua moja.

Gari dogo likachomoza juu ya mlima, upande aliokuwa yeye. Rafiki yangu akakata kulia, akatumbukia bondeni. Gari dogo lilipita kwenye nafasi aliyoiacha, likaenda kusimama mbali.

Nilimkuta amekwisha kufa. Polisi niliwaambia gari lilikuja ghafla, na si uongo. Sasa nimezeeka, naishi mbali na barabara kuu, lakini lori likinguruma popote mguu wangu wa kulia huinuka wenyewe. Najichukia kila unapoinuka.

Tulimzika kwao, Olenguruone. Baada ya mazishi mjane wake aliniita nyuma ya jikoni. Alikuwa mke wa dereva, mambo ya barabara aliyasikia kila siku.

"Niambie tu ukweli," akasema. "Ulimwashia?"

"Nilimwashia."

"Na ukapunguza?"

"Nilipunguza, shemeji."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru. Kisha akaingia ndani kuwaambia watoto kwamba baba yao ndiye aliyekosea.