Kaseti za Mama na Diski ya Mwanasha

Enzi zetu, sisi wa Msambweni tuliozaliwa kabla ya stima kufika mitaani kwetu, hatukulijua neno bekapu. Leo nalisikia kila siku vinywani mwa watoto ambao hata ufunguo wa nyumba hawakumbuki walipouweka. Basi nawaambia nyinyi wenzangu, mliowahi kurudisha utepe wa kaseti kwa kuuzungusha na biro, jinsi mama yangu alivyohifadhi mambo yake. Naye hakuwahi kuandika neno. Akitakiwa sahihi alitia dole gumba.

Nilikuwa darasa la tatu kaka yangu Salimu alipokwenda Uarabuni kutafuta kazi. Mama hakutaka nimwandikie barua. Alisema natoa siri zake kwa herufi kubwa mno. Kwa hiyo barua zake zikawa kaseti, kama walivyofanya wengi wakati huo. Ijumaa alasiri, tukishakula wali wa nazi na papa mkavu, watoto tuliamrishwa tuketi kimya. Mama alikaa mkekani mbele ya redio, akajitanda leso yake vizuri kana kwamba Salimu anamwona, kisha akaanza na salamu zisizokwisha. Zikafuata habari za mbuzi, nani ameoa, nani ametangulia mbele ya haki, mpaka dua. Jogoo wetu hakukosa kuwika katikati. Tukimwambia mama arudie, alisema, "Mwacheni, naye anamsalimia ndugu yenu."

Sasa sikilizeni akili ya mwanamke yule. Salimu alikuwa akijibu kwa kaseti ile ile, anafuta sauti ya mama na kuweka yake. Mama alilijua hilo. Kabla ya kaseti kusafiri aliipeleka kwa jirani yetu Bi Riziki, mwenye redio ya kaseti mbili, akatoa nakala mbili. Moja ilikaa kwetu katika mkebe wa biskuti. Ya pili alipewa mtu yeyote anayekwenda Shimoni, avuke nayo mpaka Mkwiro kisiwani, kwa mama mdogo Mejumaa, mdogo wake wa tumbo moja. Niliwahi kumwuliza kwa nini ahangaike hivyo.

"Moto ukila hapa," alisema, "hauwezi kuvuka bahari."

Hata mbegu za mahindi alizigawa vivyo hivyo. Nusu zilining'inia juu ya meko, zipigwe moshi wadudu wasizile, na nusu zilikwenda kwa jamaa zetu wa Kinondo.

Na mimi nilimjaribu. Nakala yetu ya nyumbani ilipokwisha kurekodiwa mama alikivunja kile kijino cha plastiki cha juu, ili isirekodiwe tena. Mjanja mimi nikaziba kitobo kwa karatasi iliyotafunwa, nikajirekodi nikitangaza mpira. Mama alipoisikiliza, pale alipokuwa akimwombea Salimu dua ndipo alipokuta mimi napiga kelele za goli. Alinichapa kwa mwiko wa sima. Kisha, bila kununa wala kupapatika, akaagiza ile ya Mkwiro, ikaletwa, Bi Riziki akatoa nakala nyingine. Baada ya wiki mambo yalikuwa kama yalivyokuwa, isipokuwa makalio yangu.

Masika radi ikinguruma, mama alifunika kioo kwa leso na kuitoa redio betri zote. Nimewahi kumsimulia hayo binti yangu Mwanasha. Alicheka mpaka akakohoa.

Mwanasha anafanya kazi ofisini katika hoteli moja huko Diani. Huko kuna kiyoyozi, na nadhani baridi ile inawagandisha kitu kichwani. Alininunulia kompyuta, Mungu ambariki, akaiweka sebuleni kwangu, akasema kaseti za bibi yake zitaoza na tuzihamishie humo. Nilikubali. Siku ya kwanza aliponifungulia, sauti ya mama ikatoka safi, na jogoo wake, nililia mbele ya mwanangu na sikuona haya. Mama alikuwa na miaka mingi kaburini.

Laiti tungeishia hapo! Lakini vijana hawa hawajui kuishia. "Baba, na zile za Mkwiro?" akasema. "Tuzikusanye zote mahali pamoja, zisipotee." Nawaombeni mwisome tena sentensi hiyo. Huyu amesoma chuo.

Nami nilivuka kwenda Mkwiro. Nilimwamkia mama mdogo shikamoo, nikaketi, nikaeleza.

"Mwanangu," mzee yule akasema, "mamako alinipa mimi ili zisikae kwako."

Nilicheka. Nilimwambia hayo yalikuwa mambo ya kale, siku hizi kuna kompyuta, na nitamletea sauti zote katika kidude kidogo azisikilize mpaka achoke. Akainuka taratibu, akanitolea kapu zima, kila kaseti imefungwa kitambaa chake.

Mwanasha alizihamisha zote kwa siku chache. Kisha kaseti zenyewe, zetu na za Mkwiro, akazichoma uani pamoja na makuti, eti zina ukungu, zinaleta maradhi ya kifua. Nilimwuliza nakala ya akiba iko wapi. Akanionyesha diski nyeusi ndogo, imelala ubavuni mwa kompyuta, imechomekwa humo humo, na vyote viwili vinakula umeme wa ekstensheni moja.

"Hiyo ndiyo bekapu, baba. Usiwe na wasiwasi."

Mama yangu, asiyejua kusoma, aliweka bahari kati ya nakala na nakala. Mwanangu mwenye shahada aliweka upana wa kiganja. Nami nikanyamaza, maana nilitaka kuonekana mzee wa kisasa.

Masika yaliyofuata radi ilipiga mnazi nyuma ya nyumba. Moshi ulitoka ukutani, kwenye soketi. Fundi wa Ukunda aliifungua kompyuta, akaifungua na diski, akainusa kama anayenunua samaki, akasema, "Pole, mzee, hii imeungua." Akajaribu siku tatu zaidi kwa huruma tu. Hakupata hata jogoo. Mwanasha alilia, kisha akaniambia alikuwa na nia ya kuweka nyingine kwenye wingu, huko mtandaoni, ila bando ilikuwa imemwishia. Watu wa bando! Picha za chakula chao wanazirusha asubuhi na jioni, bando haiwaishii.

Nimemsema sana, na nitaendelea kumsema. Lakini si yeye aliyevuka kwenda Mkwiro.

Mama mdogo Mejumaa sasa haoni vizuri. Kila Ijumaa hunipigia simu, ananiuliza hali, anawaulizia watoto, halafu anauliza polepole kama anayeomba kitu kikubwa, "Ile sauti ya dada yangu mtaniletea lini, mwanangu?" Nami, mzee mzima mwenye mvi, ninayewacheka vijana kwa uongo wao, humjibu kwamba iko kwa fundi, inshallah mwezi ujao. Hunishukuru. Huniombea dua.

Maneno ya mama ninayo mengi, naweza kuwasimulia wajukuu. Sauti yake siwezi kuwapa. Enzi zetu kitu kikiharibika nyumbani, ulitumwa nyumba ya pili ukakilete. Nyumba ya pili ipo mpaka leo, na mwenyewe yu hai, anasubiri. Nilikwenda nikaikomba kwa mikono yangu, na wakati huo nilikuwa nikicheka.