Wino wa Barua ya Kimwani

Rafiki yangu aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo aliniletea chupa ya wino. Chupa za aina hiyo zilitengenezwa chache tu, kila moja na namba yake, na zikiisha ndiyo basi. Nilikaa nayo miezi saba bila kuifungua, kwenye nyumba ninayopanga mjini, mtaa wa Kashai. Nilikuwa nangoja jambo la maana la kuandika.

Jumamosi moja baba alikuja kutoka kijijini Izimbya na mkungu wa ndizi, shati lake limejaa mikunjo. Alikunywa chai, akaeleza habari za shamba, halafu akaweka kikombe chini.

"Nataka uniandikie barua," akasema. "Wewe una mwandiko mzuri."

"Barua ya nini, Tata?"

Akatazama dirishani. "Ya posa. Kuna mama mmoja Kimwani, kule Muleba. Naye alifiwa kama mimi."

Mama alikuwa na miaka minne kaburini. Nilijibu "sawa" haraka mno, nikainuka kutafuta kalamu ili asiuone uso wangu. Hapo ndipo nilipoifungua ile chupa.

Wino ulikuwa wa zambarau iliyokolea. Nikaujaribu kwanza kwenye karatasi ya mistari wanayofanyia mitihani wanafunzi wangu. Ukasambaa, kila herufi ikaota manyoya. Kwenye karatasi ya fotokopi ulitulia, ila ukapenya hadi upande wa pili. Nyuma ya kalenda ya zamani, palipo laini, ulipendeza kweli, lakini baba alipopitisha kidole, neno zima likafutika.

"Hiyo itafika Muleba ikiwa matope," akasema, akijifuta kidole kwenye suruali.

Ilibaki pedi ya mama ya karatasi za barua, ile aliyokuwa akiniandikia nilipokuwa bwenini. Nilichora mstari mmoja tu pembeni. Wino ukakaa sawasawa, na ulipokauka kingo zake zikang'aa kwa wekundu.

"Ni nzuri," nikasema. Ilinigharimu kusema hivyo.

Baba akaifunika pedi, akanirudishia. "Hii ni yake. Tumia hiyo inayopenya. Tutaandika upande mmoja."

Akaanza kunitajia ya kuandika. Nieleze kwamba ana shamba, paa halivuji, na hanywi sana.

"Niandike 'sana', Tata?"

"Andika. Nisianze kwa uongo." Akafikiri. "Andika pia kwamba nilimpenda mke wangu. Asije akaambiwa na watu."

Niliinua kalamu, nikakaa kidogo, kisha nikaandika.

Baba mdogo ndiye aliyeipeleka barua. Baada ya wiki tatu tuliitwa Kimwani. Kaka yake yule mama alitukaribisha kwa kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa, wanaume wakaongea yao. Yule mama mwenyewe akanivuta jikoni nimsaidie kumenya ndizi. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini.

"Mama yako alikuwa mtu wa namna gani?" akaniuliza.

Watu wengi walikwishanipa pole, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamweleza jinsi mama alivyocheka akiziba mdomo, na alivyogombana na kuku. Akasikiliza bila kunikatiza, kisu kikienda polepole, na aliponiona nalia hakuninyamazisha. Alinisogezea kigoda, nikakaa, tukaendelea kumenya.

Yeye na baba walifunga ndoa kwenye misa ya asubuhi, bila makuu. Siku hizi nikienda Izimbya namkuta baba amevaa shati lililopigwa pasi.