Asiingie Mtu Kabla ya Saa Saba

Beryl Stather alijua kupigwa kabla hajajua kusoma. Baba yake alifanya kazi kwenye meli za uvuvi za Hull, Uingereza, na kila meli iliporudi bandarini alikuja nyumbani na samaki mkubwa aliyefungwa gazetini, harufu ya pombe, na mkanda ambao haukukaa kiunoni mwake muda mrefu. Mama ndiye aliyepigwa kwanza, kwa sababu ndiye aliyefungua mlango. Beryl alipotimiza miaka kumi na sita alimpiga mzee huyo kwa ubao wa kukatia mkate, akamvunja taya, akatoka na nguo alizokuwa amevaa. Hakurudi, wala hakuomba radhi.

Alipasua samaki katika vibanda vya bandari hadi vidole vyake vikajaa makovu, kisha akapika chakula cha shule kwa miaka mingi. Aliolewa na Wilf Stather, dereva wa lori, pande la mtu lenye maneno machache, ambaye hakuwahi kumwinulia mkono. Mzigo wa mbao ulipomwangukia Wilf na kumharibu mgongo, waliuza nyumba yao, wakanunua karavani nzuri, nyumba ya magurudumu ya kuvutwa na gari, wakaomba kazi ya usimamizi wa kambi ya likizo. Kampuni moja ya kambi za karavani iliwapa Skelby, juu ya majabali ya pwani ya Yorkshire. Karavani yao iliwekwa ndani tu ya lango, ikitazama barabara. Hayo ndiyo yalikuwa makazi yao. Hawakuwa na ufunguo wa mlango mwingine wowote duniani.

Sasa ni lazima isemwe wazi jinsi kambi ile ilivyoendeshwa, maana watu hupenda kulaumu hasira za wageni na kuzisamehe ofisi. Kampuni ilikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza: asiingie mtu kabla ya saa saba mchana. Ya pili: hakuna kuwekeana kiwanja cha kuegesha karavani, anayetangulia kuingia ndiye anayechagua. Kila moja peke yake ina busara yake. Ukiziunganisha katika siku ya kufungua msimu, baada ya majira ya baridi ambayo watu wamekaa miezi wakiota safu ile ya mbele inayotazama bahari, umewaita watu vitani na kuwapa saa ya kuanza. Tena barabara ya kufika Skelby ilikuwa moja, nyembamba, yenye mtaro na uzio wa miiba pande zote mbili, na iliteremka moja kwa moja hadi langoni. Karavani ikishaingia humo haigeuki. Walioandika kanuni walikuwa wakilijua jambo hilo. Waliandikiwa habari zake na wasimamizi waliotangulia: mmoja alisukumwa hadi akavunjika mkono, wengine, mke na mume, walifukuzwa kazi kwa kufungua lango mapema siku ya mvua kubwa. Ofisi haikubadilisha hata neno.

Siku ya kufungua, mwezi wa tatu, foleni ilikuwa imejaa barabara tangu alfajiri. Ndivyo wafanyavyo watu wa huko: hufika mapema mno, huzima injini, huwasha jiko ndani ya karavani zao papo hapo barabarani, wakanywa chai na kula mkate wenye nyama ya nguruwe, kila mmoja akijua nani yuko mbele yake na nani yuko nyuma. Katika nchi ile mtu anaweza kusamehewa mambo mengi, lakini hasamehewi kuruka foleni.

Wa kwanza alikuwa Ronnie Pickersgill, fundi bomba mstaafu kutoka Leeds. Yeye na mkewe Jean walikuwa wamekaa kila mwaka kwenye kiwanja kimoja, cha mwisho kabisa upande wa jabali. Jean alikufa wakati wa Krismasi. Ronnie alimweleza Beryl habari hizo langoni bila machozi, akasema hataki kitu kingine msimu huu ila kukaa pale. Alikuwa ameliacha gari lake hatua kadhaa kabla ya lango, kwa sababu bango la kampuni liliagiza mdomo wa lango uachwe wazi. Alitii. Kisha akaenda kwa miguu njia ya jabali ili kuitazama bahari.

Kando ya lango palikuwa na njia ya kuingilia shambani. Humo shambani, nyuma ya uzio, alikuwa amelala tangu jana yake mtu aliyeitwa Colin Mabbott, pamoja na mkewe Sandra na karavani mpya kabisa. Alipoona Pickersgill ametoweka, aliwasha gari, akachomoka shambani, akajipenyeza katika ile nafasi iliyoachwa wazi, pua ya gari ikigusa lango.

Honi zililia foleni nzima. Beryl alitoka akamwambia arudi alikotoka. Mabbott alitabasamu, akafungua dirisha kidogo tu, akamwita mpenzi kama watu wa huko wamwitavyo mwanamke yeyote.

"Bango linasema nisiingie kabla ya saa saba, mpenzi. Sijaingia. Nionyeshe linaposema nisisimame."

Beryl alimwambia kwamba mwenye zamu ni mzee aliyefiwa. Mabbott alijibu kwamba kila mtu ana shida zake. Hapo akashuka ili kunyoosha miguu, na ndipo Ronnie Pickersgill aliporudi.

Aliliona gari, akalitazama lango, akaenda nyuma ya karavani yake akatoa ule mkono mrefu wa chuma unaotumika kuteremshia miguu ya karavani. Mabbott alikuwa ameanza kusema, "Haya mzee, tusigombane kwa ajili ya—" pale chuma kilipomshukia upande wa kichwa. Sauti ya pigo ilikuwa kama ya mtu anayekanyaga kikapu. Alipiga magoti. Pigo la pili lilimchana sikio, la tatu lilimlaza. Damu ilitoka puani na sikioni, ikachuruzika kwenye lami kuelekea langoni.

Watu wa foleni walimrukia Pickersgill. Walikuwa wazee wenye sweta safi na viatu vya kutembelea milimani, watu wa kupeleka maua kanisani. Walimwangusha mtaroni, wakampiga mateke mbavuni na usoni, hata baada ya chuma kumtoka mkononi. Mwanamke mmoja alimpiga kwa birika. Funguo zake zilirukia kwenye upupu, hazikuonekana tena. Wilf, kwa mgongo wake ule mbovu, aliwavuta mmoja mmoja, akapigwa ngumi ya mdomo kwa hisani yake, akakaa juu ya Pickersgill ili wasimmalize.

Gari la wagonjwa lilifika upesi, lakini lilifika mwisho wa foleni, mbali sana, kwenye barabara kuu. Muuguzi mmoja alikuja mbio kwa miguu na mkoba wake. Alimfungua Mabbott macho, akayaangalia kwa tochi, akasema damu inavuja ndani ya fuvu. Huyu hawezi kubebwa mikononi umbali ule, akitikiswa anakufa. Anahitaji gari, na analihitaji sasa hivi.

Beryl alielewa mara moja. Foleni haingeweza kurudi nyuma. Njia pekee ya kuisafisha barabara ilikuwa kuimeza ndani ya kambi. Alimpigia simu Neville Crake, mkuu wa kampuni katika mkoa ule, akamweleza yote. Crake alimuuliza kama mtu huyo ameumia ndani ya lango au nje. Nje, Beryl akasema. Basi kwa bima si mtu wetu, Crake akajibu. Lakini ukiwaingiza watu kabla ya muda, lolote litakalotokea ndani litakuwa letu.

"Bwana Crake, mtu anakufa hapa."

"Nasikitika sana, Beryl. Lango ni saa saba. Ukilifungua, wewe na mumeo fungasheni."

Crake alikata simu. Saa ilikuwa haijafika tano asubuhi.

Beryl alifungua lango hadi mwisho. Aliingia ndani ya gari la Mabbott, maana funguo zilikuwa mahali pake, akaliingiza kambini na kuliegesha pembeni. Kisha akarudi kwenye foleni akawapungia mkono waingie.

Hakuna aliyesogea.

La mbele sasa lilikuwa gari la Pickersgill, limefungwa, halina dereva. Upande wake wa kulia palikuwa na ukingo wa nyasi. Mtu akikubali kukwaruza kioo angeweza kulipita. Beryl alimwendea dereva wa pili, mzee mwenye uso wa upole, ambaye viatu vyake bado vilikuwa na damu ya Pickersgill. Alimwambia alipite gari lile. Mzee akatikisa kichwa.

"Siwezi, mpenzi. Ronnie ndiye wa kwanza."

"Umetoka kumpiga mateke."

"Hilo ni jingine. Zamu yake ni zamu yake. Nikimpita mimi, wa nyuma wataniona mtu wa namna gani?"

Wa tatu alisema vivyo hivyo, akaongeza kwamba labda Ronnie aulizwe kwanza. Wa nne alifunga dirisha. Pembeni, nje ya njia ya magari, Sandra Mabbott alikuwa ameshika kichwa cha mumewe mapajani, akisema jina lake polepole, na muuguzi alikuwa akitazama barabara kwa hasira ya mtu asiyeamini anachokiona. Hawa hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wamefundishwa kutii hadi utii ukawala akili, na waliowafundisha walikuwa wamekaa mbali, penye joto, pasipo na barabara.

Beryl aliitazama barabara. Ilikuwa inateremka, imenyooka kama kamba. Bila ufunguo usukani usingegeuka. Gari likiachiwa lingeshuka na karavani yake nyuma, lipite katikati ya lango, na liende mbele hadi likutane na kitu cha kulizuia. Kitu hicho kilikuwa karavani yake na Wilf. Aliona pazia alilolishona mwenyewe. Ndani mlikuwa na kitanda cha Wilf cha mgongo, na picha ya mama yake. Gari lao dogo la kuivutia lilikuwa limesimama ubavuni pake.

Alimtazama Wilf pale mtaroni. Wilf alikuwa amekwishaona. Alifuta damu ya mdomo.

"Fanya, Beryl," akasema.

Alichukua nyundo ya kupigilia vigingi, akavunja dirisha la Pickersgill kwa pigo moja, akapitisha mkono katikati ya vioo. Kioo kilimchana kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono. Akaitoa gia, akaishusha breki, akaruka nyuma.

Gari lilisita kama linalofikiri, kisha likaanza kwenda. Pickersgill, uso umevimba, aliinua kichwa kutoka mtaroni akaona karavani ile, nyumba ya Jean, ikiondoka peke yake, akatoa sauti ambayo haikuwa neno. Mwendo ulizidi. Karavani iligonga nguzo ya lango, ikaichomoa, ikaendelea nayo. Kisha gari liliingia ubavuni mwa karavani ya akina Stather na kuipasua kama boksi la mayai. Karavani ya Pickersgill ikapanda juu ya yao. Gari lao dogo likabanwa hadi likakunjika. Masinki, mito, vikombe na nguo za ndani vilimwagika kwenye nyasi. Mtungi wa gesi ulizomea kwa muda, ukanyamaza.

Mbele ya foleni sasa hapakuwa na mtu wa kupitwa. Yule mzee mwenye uso wa upole aliwasha injini, akaingia kambini taratibu, akampungia Beryl mkono kwa adabu. Wa tatu akafuata, wa nne, wa tano. Waliyazunguka mabaki na kuelekea safu ya mbele, wakiongeza mwendo kidogo kidogo kadiri bahari ilivyoonekana. Kwenye kiwanja cha mwisho upande wa jabali, wawili waligongana, wakashuka, wakaanza kushikana kola.

Barabara ilipobaki tupu, gari la wagonjwa lilishuka likamchukua Mabbott. Alipona, ingawa mkono wake wa kushoto haukumtii tena. Pickersgill alichukuliwa na polisi. Akiwa amefungwa pingu alikataa kuingia ndani ya gari lao hadi aseme.

"Andikeni kwamba huyu mama alifungua kwa sababu yangu. Vitu vya Jean alivivunja, na alifanya sawa."

Kati ya wote waliokuwapo, ndiye peke yake aliyemtetea. Neville Crake alipofika, Beryl, mkono umefungwa bandeji hadi kiwikoni, alipita naye kiwanja kwa kiwanja, akiwaomba watu waseme walichokiona. Mmoja alisema alikuwa bado na chai. Mwingine alisema hapendi kujiingiza. Yule mzee mwenye uso wa upole alisema, akitazama bahari, kwamba kanuni ni kanuni, na kwa kweli yeye aliingia tu kwa kuwa alielekezwa. Hakuna aliyetaka kuambiwa kwamba aliingia kabla ya muda, kwa hiyo aondoke aanze foleni upya.

Crake hakupandisha sauti. Alimwambia Beryl kwamba kampuni inathamini huduma yake, kwamba hasara ya mali yao binafsi haiihusu kampuni, na kwamba ingefaa wawe wameondoka kabla ya jioni. Beryl alimpiga kofi. Lilikuwa kofi la mtu aliyepasua samaki kwa miaka: miwani iliruka, Crake akakaa chini kwenye nyasi kati ya vikombe vilivyovunjika. Alitishia kumshtaki kwa polisi. Polisi aliyekuwa bado anapima alama za magurudumu alisema hakuona kitu, akainama tena.

Wilf alikusanya vilivyofaa kukusanywa akavitia katika mifuko miwili ya takataka. Dada yake aliyekaa mji wa Goole alikuwa amekubali kuwapokea, na teksi ilikuwa njiani. Walisimama penye nguzo iliyong'oka, Wilf akiwa ameegemea mfuko mmoja kwa sababu mgongo ulikuwa umekaza.

Mwanamke wa safu ya mbele alikuja akiwa amevaa ndara, taulo begani na sabuni mkononi. Alikuwa yule wa birika. Aliwatazama, akatazama mifuko, akahamishia sabuni mkono wa pili.

"Samahani, mpenzi," akasema mwishowe. "Maji ya moto ya bafuni, yanafunguliwa saa ngapi?"

"Yako wazi," Beryl akamjibu. "Niliyafungua mimi asubuhi."

Mwanamke alishukuru, akaenda kuoga.