Nilivyomlilia Nafula Mbele ya Mama Yake

Kwanza niseme mimi na aibu si wageni. Nimewahi kuingia kanisani na koti jipya lenye kibandiko cha bei mgongoni, nimewahi kumpungia mkono mrembo kwa furaha kubwa kumbe alikuwa anampungia mtu aliyesimama nyuma yangu, lakini hizo ni aibu za rejareja, mtu unazimeza na maji, siku inaendelea. Hii ninayowasimulia leo ni aibu ya jumla, ya kubebwa kwa mkokoteni, na niliichukua mwenyewe kwa hiari yangu, nikiwa nimevaa suti.

Mimi nauza magodoro pale Jogoo Road. Hiyo ni kazi ya katikati ya wiki. Jumamosi mimi ni emsii: harusi, posa, mahafali ya watoto wa chekechea, yaani popote penye maiki na watu wasio na pa kukimbilia. Nina mdomo, na kila mtu mtaani kwetu Mbotela ananiambia nina mdomo, na mimi nilichukulia siku zote kwamba ni sifa.

Sasa, sisi tuliosoma pamoja shule ya msingi tuna grupu letu la wotsapu. Mnayajua haya magrupu. Alfajiri kuna sala ndefu kama treni, saa nne kuna onyo kuhusu kula ndizi na maziwa, jioni mtu anatuma picha ya kaptura ya yunifomu na kuuliza, "Nani anakumbuka hii?" na watu wazima wenye vitambi wanaanza kulia kwa furaha, wakisahau kwamba kaptura hiyo ilikuwa na madirisha mawili nyuma na shule yenyewe tulikuwa tunaitoroka. Mwenyekiti wa grupu ni Mueni. Hakuchaguliwa. Mueni alikuwa mpiga kengele tukiwa darasa la saba, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba muhula uliisha.

Ni Mueni aliyeandika siku moja: "Wapendwa, poleni. Nafula wetu ametuacha."

Nilikuwa dukani, namwonyesha mteja godoro. Nikasimama. Nafula! Nafula ninayemjua mimi alikuwa hafi, kifo chenyewe kingemwogopa. Akiwa darasa la tano alimpiga mvulana wa darasa la nane mpaka mvulana akahamia shule nyingine (alisema familia imehama, lakini sisi tulikuwa tunamwona kila Jumapili). Aliruka ukuta wa shule kwenda kununua mandazi na akarudi kwa ukuta huohuo akiwa na mandazi mdomoni na mikononi. Tulimwita Bondia. Nikaandika haraka kwenye grupu, "Pumzika kwa amani, simba jike wetu," nikaongeza kile kikatuni cha machozi, nikarudi kuuza godoro.

Baada ya wiki kadhaa Mueni akanipigia simu.

"Barasa, sasa? Tumeamua tukutane shuleni Jumamosi, tule, tukumbuke ya zamani, na tumkumbuke Nafula. Mama yake atakuja kutoka Kayole. Anataka kusikia kutoka kwa watu waliosoma na mtoto wake. Wewe si mlikaa dawati moja? Utasema mawili matatu."

Dawati moja? Mimi na Bondia? Mwalimu gani angethubutu? Hapo ndipo mtu mwenye akili zake angeuliza, "Nafula yupi?" Maneno mawili tu, hata pumzi hayamalizi. Lakini emsii haulizi maswali kama mtu wa kawaida. Emsii anajua. Nikasema, "Mueni, acha hiyo kwangu. Ninamkumbuka kama jana."

Mke wangu aliniuliza usiku wa Ijumaa kama nimejiandaa. Nikamjibu, "Mtu hujiandaa kukumbuka?" Nilijiona nimesema jambo zito sana.

Jumamosi ikafika. Shule ni ileile, ukuta chini umepakwa buluu na juu rangi ambayo zamani ilikuwa nyeupe, ila kila kitu kimepungua. Uwanja wa paredi niliodhani ni mkubwa kama uwanja wa ndege unaweza kuumaliza kwa hatua hamsini. Walikuwa wameweka hema, viti vya plastiki tulivyoazimwa na kanisa jirani pamoja na mama mmoja wa kuvilinda, sufuria za pilau kando, na spika mbili zilizoelekezwa moja kwa moja kwenye ghorofa zilizo nyuma ya ukuta, ili hata wanaoanika nguo wasipitwe na hekima yangu.

Mama wa marehemu alikuwa ameketi mstari wa mbele, mama mdogo wa umbo, kitambaa kichwani, amekumbatia picha yenye fremu, uso wa picha ukiwa umelalia kifua chake. Nilimpita. Nilisema "pole mama" kama mtu anayepita sokoni akisema "sitaki nyanya." Nilikuwa na haraka, nilitaka kujaribu maiki.

Nikaitwa. Nikafunga kifungo cha koti, nikanyamaza kidogo (kunyamaza kidogo ni ufundi, msidhani), kisha nikaanza.

"Marehemu Nafula," nikasema, "alikuwa na ngumi."

Watu wakaguna. Nikaona nimewashika. Nikawapa kisa cha mvulana wa darasa la nane. Nikawapa cha ukuta na mandazi, nikaonyesha kwa vitendo jinsi alivyokuwa akiruka, suti na yote. Nikasema alimeza kipande kizima cha chaki kwa sababu ya ubishi. Wengine walikuwa wanacheka wameziba midomo, wengine wanatazamana, na mimi nikasema moyoni, ona, wameguswa. Mueni alisimama pembeni akipitisha mkono shingoni, hivi, kama kisu. Nikajua ananiambia nifupishe. Wivu tu. Watu waliozoea kengele hawapendi mtu mwingine asikike.

Mama wa marehemu hakuwa anacheka. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyepelekwa hospitali na kusomewa majibu ya mgonjwa mwingine. Nikaona nimzidishie uchungu kidogo, ndiyo kazi. Nikapunguza sauti, nikatoa leso, na machozi yakaja (sidanganyi, yalikuwa ya kweli, mimi nikijisikiliza huwa naguswa sana). Nikainua mkono mbinguni.

"Nafula! Simba jike! Huko uliko, kama unanisikia..."

"Nakusikia."

Sauti ilitoka nyuma, upande wa sufuria. Nikageuka. Bondia alikuwa amesimama pale, amenenepa vizuri, gauni la kijani, sahani ya pilau mkono mmoja, kijiko mkono wa pili.

Mama wa viti alianza kukemea mapepo papo hapo, kwa sauti, viganja hewani. Kule ghorofani mtu akapiga mbinja.

"Sijafa, Barasa," Nafula akasema, akimeza. "Nilitoka tu kwa grupu. Zile sala za saa kumi na moja zilikuwa zinaniamshia mtoto." Akala kijiko kingine. "Na ile chaki, ulimeza wewe."

Hapo bado kulikuwa na njia ya kutokea. Ningesema, "Nimekosea, samahanini, nisaidieni." Lakini nimewaambia nina mdomo, na mdomo wangu haujawahi kunisubiri. Nikacheka kwenye maiki, peke yangu, cheko ambalo spika zililipeleka mpaka barabarani, nikasema, "Aha! Nilikuwa najaribu tu kama mko macho! Sasa tuje kwa marehemu mwenyewe." Marehemu mwenyewe ni nani? "Nafula... huyu mwingine... alikuwa mtu wa watu. Alipenda masomo. Alipenda sana kuimba. Ukimsikia Nafula akiimba..."

"Hakuimba."

Ni mama wa marehemu. Hakupaza sauti, na hakuhitaji, maana hata mama wa viti alikuwa amenyamaza.

"Mwanangu alikuwa na kigugumizi," akasema. "Hata kanisani alikuwa anafungua mdomo tu bila sauti. Wewe ndiwe Barasa? Uliyekaa naye dawati moja?"

Akaigeuza ile picha.

Ilikuwa picha ya mwanamke mzima, lakini macho ni yaleyale, na hapo ndipo nilipokumbuka, wenzangu, na afadhali nisingekumbuka. Tulikuwa na Nafula wawili. Mwalimu alikuwa anawaita Nafula wa Kwanza na Nafula wa Pili. Wa Pili alikaa kwa dirisha, mimi kando yake, miaka miwili, viwiko vikigusana. Alikuwa anachonga penseli kwa wembe mpaka ncha inakuwa kama sindano. Kila siku ya hesabu alikuwa anasukuma daftari lake kidogo upande wangu, taratibu, bila kunitazama, na mimi nanakili. Hakuwahi kudai chochote. Mtu kama huyo unamsahau kirahisi sana, maana hakupigi.

"Alikuwa akifika nyumbani," mama akaendelea, "ananiambia, 'Mama, Ba-Barasa ametuchekesha leo.' Siku nyingi sana alisema hivyo. Nikimwuliza, amewachekesha na nini, ananyamaza. Nikasema leo nitakuja nimwulize mwenyewe. Mlikuwa mnacheka nini?"

Nilijua jibu. Lilinijia lote, pamoja na vumbi la chaki. Mwalimu alikuwa akimwita Nafula wa Pili asome kwa sauti, anasimama, anaanza kupigana na lile neno la kwanza, na mimi kando yake nanong'ona nikimwiga, natikisa kidevu kama yeye, na darasa zima linaanguka. Hapo ndipo nilipogundua kwamba naweza kuchekesha watu. Kazi yangu yote ya Jumamosi, suti, maiki, mnavyoniona, ilianzia hapo.

Nikaiweka maiki kwenye meza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuiweka kabla ya kuombwa. Nikaenda nikachuchumaa mbele ya yule mama.

"Nilikuwa namwiga, mama," nikasema. "Akisoma. Nilikuwa namwiga anavyosoma."

Mimi nilikuwa natazama viatu vyake, vya plastiki, vimeoshwa vikang'aa.

"Na yeye alikuwa anacheka?"

Ningeweza kusema ndiyo. Ni neno fupi.

"Alikuwa anainama."

Akatikisa kichwa polepole, si kwa hasira, kama mtu aliyepata kitu alichokuwa anakitafuta na kikawa si kizuri. Kisha akauliza, "Na hesabu? Alisema alikuwa anakusaidia."

"Zote, mama. Hakuna hesabu niliyofanya mimi."

Basi akacheka. Cheko dogo, la puani, na sikulitegemea. "Nilikuwa namwambia, huyo mvulana atakuja kukamatwa," akasema. Akaufuta uso kwa ncha ya kitambaa. "Hilo la hesabu kawaambie watu. Lile lingine umeniambia mimi, linatosha."

Nikarudi kwenye maiki. Safari hii sikufunga kifungo cha koti, wala sikunyamaza kidogo kwa ufundi. Nikasema Nafula wa Pili alinionyesha hesabu miaka miwili mizima, na hata siku moja hakuniambia kwamba mimi ni mjinga, ingawa alikuwa na ushahidi wote mbele yake. Nikasema nilimsahau, na kwamba kosa la kumsahau lilikuwa langu. Nikakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Baadaye watu wengine wakasimama, mmoja mmoja, watu ambao hawana mdomo kabisa, na kila mmoja alikuwa na jambo: Nafula alimpa penseli, Nafula alimfunga kidonda kwa soksi yake, Nafula alimsubiri langoni mvua ikinyesha. Kumbe walikuwa wanamkumbuka. Walikuwa tu hawajawahi kupewa maiki, kwa sababu nilikuwa nayo mimi.

Nikiwa nimeketi pale nikitamani simenti ipasuke, Bondia akaja akaniwekea sahani magotini.

"Kula, Barasa," akasema. "Marehemu ndiye amekupakulia."

Nikala. Pilau ilikuwa nzuri, hata hilo lilinikasirisha.

Kumbe kuna mtu alikuwa amenirekodi kwa simu, na video ilifika Kayole kabla ya mama mwenyewe kufika. Wateja wananitembelea dukani, wanabonyeza godoro, wananitazama machoni na kuuliza kama lina uhai. Mke wangu naye kila nikitoka Jumamosi ananiuliza kama nimejiandaa, na sauti anayoiulizia naijua.

Maiki bado nashika, siwadanganyi, mtu hula kwa jasho la mdomo wake. Lakini nimeapa jambo moja. Hapa mtaani watu wanapenda kukusimamisha barabarani, wanakushika bega na kukuuliza, "Niaje Barasa, unanikumbuka?" na zamani nilikuwa nawakumbatia wote na kuwaita ndugu yangu. Sasa nawaambia ukweli: hapana, sikukumbuki, hebu nikumbushe wewe ni nani. Wengine wanakasirika kabisa, wanaondoka bila kwaheri. Afadhali wakasirike wakiwa hai.